Neno "Shahidi" katika Historia ya Uganda

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia, mwalimu wa Kiswahili katika shule za Uganda huulizwa swali lile lile. Wanafunzi hutaka kujua ni kwa nini tarehe 3 Juni huitwa Siku ya Mashahidi, ilhali shahidi wanayemfahamu wao ni mtu anayesimama mbele ya hakimu akaeleza aliyoyaona kwa macho yake. Swali hili ni zuri, wala halijibiwi kwa sentensi moja ubaoni. Tumeona vema kulijibu hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu katika neno hilo moja zimo habari nyingi za dini, za serikali, na za lugha yenyewe tunayoifundisha.

Tuanze na neno. Asili yake ni Kiarabu, ambako shina moja limezaa jina la mtoa ushahidi na jina la aliyeuawa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kiswahili kikayakusanya yote mawili katika neno moja. Wayunani nao walifanya vivyo hivyo: neno lao la shahidi wa mahakamani ndilo Wakristo wa kwanza walilowapa wenzao waliouawa. Katika Luganda mtu wa namna hii huitwa mujulizi, na mujulizi pia ni yule wa barazani kwa hakimu. Siku hizi wako wanaopendelea kusema mfiadini, na neno hilo si baya. Lakini mfiadini hutuambia tu jinsi mtu alivyokufa, na shahidi hutuambia alilolifanya kabla ya kufa. Sisi tunapendelea lile la zamani.

Sasa twende Buganda ya karne ya 19. Wafanyabiashara wa pwani walianza kufika huko katika miaka ya 1840, zama za Kabaka Suna II, wakileta nguo, shanga na bunduki, na wakichukua pembe za ndovu na watumwa. Pamoja na bidhaa walileta Kurani na herufi zake. Mwana wa Suna, Kabaka Mutesa I, aliyeanza kutawala mwaka 1856, aliipenda dini hii mpya hata akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka kumi hivi tangu mwaka 1867. Vijana wa kasri, watoto wa wakuu waliopelekwa kwa Kabaka ili wafundwe adabu na utumishi, wakajifunza kusoma, na lugha ya kuzungumzia mambo hayo ilikuwa Kiswahili. Bwana Stanley alipofika mwaka 1875 hakuhitaji kutafuta mkalimani mbali. Alimwacha huko kijana mmoja, Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kule Unguja, awe mwalimu na mwandishi wa barua za Kabaka. Basi mwalimu wa kwanza wa Kikristo kukaa Buganda alikuwa Mwafrika, tena lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Jambo hili halitajwi mara nyingi.

Wamisionari wa Kianglikana wa kwanza walifika tarehe 30 Juni 1877. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, aliwafuata mwezi wa Novemba 1878, naye alikuwa amekwisha kujifunza Kiswahili njiani na alikuwa na vitabu vya Askofu Steere wa Unguja. Mapadre wa Kikatoliki, Padre Siméon Lourdel na wenzake, walifika Februari 1879. Mackay alistaajabu na kufurahi kuona kwamba angeweza kusema na watu wa barazani bila kungoja miaka ya kujifunza Luganda. Alisoma Injili mbele ya Mutesa kwa Kiswahili, kisha akaieleza.

Alama za nyakati zile zimo hata leo katika Luganda. Kitabu ni ekitabo, kanisa ni ekkanisa, msalaba ni omusalaba, dini ni eddini. Na kitenzi kusoma kiliingia kikapata maana pana kuliko ile kinayobeba kwetu: okusoma ni kusoma kitabu, na pia ni kwenda kanisani kusali. Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mtu hakuulizwa kama amebatizwa. Aliulizwa kama anasoma. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone jinsi maneno yanavyosafiri hatapata mfano bora kuliko huu.

Hata hivyo, kusoma kulikuwa na hatari yake, na wa kwanza kuionja hawakuwa Wakristo. Mwaka 1876 vijana wa Kiislamu wa kasri walikataa kula nyama iliyochinjwa na mchinjaji wa Kabaka, kwa kuwa Kabaka mwenyewe hakuwa ametahiriwa, na wakaona haifai kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Mutesa, ambaye ndiye aliyewafungulia mlango wa dini hiyo, aliamuru wauawe. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 70 hivi, na mahali pa kuwaulia palikuwa Namugongo. Tunalieleza jambo hili waziwazi kwa sababu tumeona vitabu vya shule vinavyoanza habari za Namugongo mwaka 1886, kana kwamba ardhi ile haikuwa imekwisha kunywa damu ya waumini miaka 10 kabla.

Kosa la vijana wale lilikuwa nini? Si nyama. Kijana wa kasri alikuwa mali ya Kabaka, mwili wake na roho yake. Alikula kwa Kabaka, akaoa kwa idhini ya Kabaka, akafa Kabaka alipotaka. Sasa kijana huyo anasema: katika jambo hili siwezi kukutii, kwa kuwa yuko mwingine aliye juu yako. Kwa mtawala wa namna ile, maneno hayo hayakuwa mambo ya ibada, yalikuwa uasi. Ndiyo maana Mutesa aliweza kuipenda dini na kuwaua wenye dini bila kujiona amejipinga.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga alirithi kiti akiwa na umri wa miaka 18 hivi, na kwa bahati mbaya alikirithi katika mwaka mgumu kuliko yote. Wajerumani walikuwa wanachukua nchi za bara zilizoelekea Unguja. Februari 1885 serikali yao ilitangaza ulinzi juu ya nchi hizo, na Agosti mwaka huo huo manowari zao zilitia nanga mbele ya Unguja zikamlazimisha Sultani Barghash kukubali. Habari hizo zilifika Mengo kwa vinywa vya wafanyabiashara wa pwani, tena zikiwa zimeongezwa chumvi. Wazungu wanakula nchi, walimwambia, na wamisionari ni watangulizi wao. Haitupasi kumcheka Mwanga. Miaka 9 baadaye, mwaka 1894, Uganda ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Alikosea katika watu aliowaua, lakini hakukosea katika hofu aliyokuwa nayo.

Damu ya kwanza ya Wakristo ilimwagika tarehe 31 Januari 1885. Mackay na mwenzake Ashe walikuwa wakienda ziwani pamoja na vijana wao, wakakamatwa njiani na watu wa Mujasi, mkuu wa askari. Wazungu waliachiliwa. Watatu kati ya wasomaji waliuawa kwa kukatwa viungo na kutupwa motoni huko Busega: Marko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Huyu Lugalama alikuwa mtoto wa Kihima aliyetekwa vitani na kuletwa Buganda akiwa mateka. Hakuwa na ukoo hapo wala mtu wa kumlilia, isipokuwa wasomaji wenzake.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington alikuwa anakuja kutoka pwani ya Mombasa. Badala ya kupita njia ya kusini mwa ziwa, iliyozoeleka, alikata kupitia nchi ya Wamaasai na Kavirondo ili aingie kwa upande wa mashariki, kwa maana njia hiyo ilikuwa fupi na yenye afya. Mackay alikuwa ameonya juu yake. Waganda walikuwa na imani ya kale kwamba atakayeiteka nchi yao atatokea mashariki, na Busoga ulikuwa mlango wa nyuma ambao hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuupita. Hannington alikamatwa kwa Luba, akafungiwa kibandani siku nane, akaandika shajara yake mpaka mwisho, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na wapagazi wake wapatao 50. Wanne tu waliokoka.

Wapagazi hao hutajwa kwa tarakimu tu. Walikuwa watu wa pwani, wengine Wakristo wa Rabai, waliokubali kubeba mizigo ya askofu kwa mshahara, na walikufa kifo kile kile bila kuandikwa katika orodha yoyote ya watakatifu. Waliobaki nyuma Kavirondo waliongozwa kurudi pwani na William Jones, mtumwa wa zamani aliyesoma India. Waliingia Rabai Februari 1886 wakiwa na bendera iliyoandikwa Ikabodi, neno la Agano la Kale lenye maana kwamba utukufu umeondoka.

Kule Mengo alikuwako mtu mmoja aliyethubutu kumwambia Kabaka kwamba amefanya vibaya kumwua mgeni bila hukumu. Huyu ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mkubwa wa vijana wa kasri, ambaye Mutesa na Mwanga wote wawili walimpenda kwa uaminifu wake. Tuangalie vema: aliyekuwa ameuawa ni askofu wa Kianglikana, yaani mtu wa dhehebu ambalo mapadre wa Balikuddembe walishindana nalo kila siku barazani. Hakumtetea kama ndugu wa kanisa. Alitetea haki ya mtu kutouawa bila kusikilizwa. Kwa hilo, na kwa kuwakinga vijana na matakwa machafu ya Kabaka, alikatwa kichwa na kuchomwa moto tarehe 15 Novemba 1885. Hapo maana mbili za neno shahidi, ya mahakamani na ya dini, zinakutana katika mtu mmoja.

Mambo ya mwaka ufuatao yanajulikana zaidi, nasi tutayapitia kwa ufupi. Mwishoni mwa Mei 1886 Mwanga alirudi Munyonyo kutoka mawindoni akakuta vijana wake hawapo, wamekwenda kusoma. Akawakusanya wote, akawataka wanaosoma wasimame upande mmoja. Usiku uliotangulia Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Balikuddembe, alikuwa amewabatiza waliokuwa bado. Walifungwa kamba wakatembezwa hadi Namugongo, na wengine waliuawa njiani. Tarehe 3 Juni, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, zaidi ya vijana 20, walifungwa katika mikeka ya matete wakachomwa. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Wa mwisho wa kundi hili, Yohana Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 1887. Majina yaliyohifadhiwa ni 45: Wakatoliki 22, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23.

Hapa ndipo vitabu vya dini hupenda kufunga hadithi. Sisi hatuwezi, kwa maana wasomaji waliopona hawakubaki wakisali tu. Mwanga mwenyewe, akiwahofia Wazungu na wazee wa nchi kwa pamoja, aliwapa vijana wa dini bunduki na vyeo, Waislamu kwa Wakristo. Septemba 1888 waliungana wakamfukuza. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo mjini. Wakristo walijikusanya upya, wakampokea Mwanga yule yule aliyewachoma ndugu zao, wakapigana mpaka wakamrudisha kitini. Kisha wakageukiana wenyewe. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, walioitwa Wafaransa na Waingereza ingawa wote walikuwa Waganda, walipigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ikaamua nani mshindi. Vyeo na mashamba vikagawanywa kwa dini.

Kati ya moto wa Namugongo na vita vya Mengo ilipita miaka isiyofika 6. Waliopigana Mengo waliwafahamu wale waliochomwa, wengine walikula nao sahani moja. Tunaamini hili ndilo fundisho zito kuliko yote katika historia hii, na ndilo linalofundishwa kwa uchache. Mgawanyo ule wa vyeo kwa dini uliingia katika vyama vya siasa vya miaka ya 1950, hata watu wakavitaja vyama kwa jina la makanisa. Mwanga naye alipigana na Waingereza mwaka 1897, akashindwa, akahamishiwa Visiwa vya Shelisheli pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mwaka 1910 mifupa yake ililetwa kuzikwa Kasubi karibu na baba yake.

Na Kiswahili kilikuwa wapi? Kilikuwa kinasukumwa nje. Mackay, aliyefariki Usambiro kusini mwa ziwa Februari 1890, alikuwa na matumaini kwamba lugha moja itatawala katikati ya Afrika, na lugha hiyo ni Kiswahili. Askofu Tucker, aliyewasili mwishoni mwa mwaka 1890, hakukubaliana naye. Aliona Kiswahili kimefungamana mno na Uislamu kwa matumizi ya misheni. Bwana Pilkington akamaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Luganda, ikawa tayari mwaka 1896. Kazi yake ni nzuri, na hakuna mpenda lugha anayeweza kulaumu watu kusoma kwa lugha ya mama zao. Lakini sababu iliyotolewa dhidi ya Kiswahili ilisahau kwamba wasomaji wa kwanza walisikia Injili kwa lugha hiyo hiyo. Katika miaka ya 1920 gavana Gowers alipotaka kukieneza mashuleni, maaskofu na Kabaka Daudi Chwa walimpinga. Kiswahili kikabaki mikononi mwa askari, polisi na watu wa sokoni.

Kwa njia hiyo tunafika kwa Idi Amin. Alitoka katika jeshi la wakoloni, King's African Rifles, ambalo amri zake zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini. Alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Agosti 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wananchi wengi tangazo hilo lilikuja pamoja na vizuizi vya barabarani na gari zilizochukua watu wasirudi. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikwisha kuchukuliwa kutoka mahakamani mwezi wa Septemba 1972. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa mwanzoni mwa mwaka 1973.

Janani Luwum, mzaliwa wa Mucwini katika nchi ya Waacholi, alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana tangu mwaka 1974. Hakuwa mtu wa makelele. Kwa muda mrefu alikwenda kwa watawala kimya kimya kuwauliza habari za waliopotea, na wako waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na serikali. Agosti 1976 viongozi wa Kikatoliki, wa Kianglikana na wa Kiislamu walikutana kuzungumzia mateso ya wananchi, naye alikuwa mwenyekiti wao. Amin alikasirika sana. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wakaandika barua kwa Amin, wakaitia sahihi, wakasema wazi kwamba bunduki zilizonunuliwa kuwalinda raia zimegeuzwa kuwatisha raia. Barua hiyo ndiyo ushahidi, kwa maana ya mahakamani kabisa.

Tarehe 16 Februari viongozi waliitwa Kampala, silaha zikatandazwa uwanjani, hati ya mashtaka ikasomwa, na askari walipoulizwa watuhumiwa wafanyiwe nini walipiga kelele wauawe. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Maiti yake ilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa jeshi, na waliomzika waliona matundu ya risasi. Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya lile la Hannington. Jumapili ya tarehe 20 Februari watu kwa maelfu walikusanyika hapo, na kaburi lilikuwa tupu.

Serikali ya Amin iliangushwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Tarehe 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wengi wa chama chetu wanajua ugumu uliobaki. Si msamiati, wala si upatanisho wa ngeli. Ni mzee anayemwambia mjukuu wake kwamba lugha hiyo aliisikia mara ya mwisho mlangoni pake usiku, na waliokuja wakiisema waliondoka na mwanawe. Mzee huyo naye ni shahidi, na mwalimu asimkatize. Amsikilize kwanza, kisha amweleze habari za Dallington Maftaa, na za vijana wa Mutesa waliokuwa wakifumbua herufi kwa lugha hiyo hiyo, na za mahujaji wa Tanzania, Kenya na Kongo ambao kila tarehe 3 Juni husali kwa Kiswahili katika uwanja wa Namugongo, baadhi yao wakiwa wametembea kwa miguu majuma kadhaa.